Samaki wa Jiwe la Wanawake

Otuoma alikuwa amefika fundo la kumi na nne, uso majini na mgongo juani, akihesabu furu, samaki wadogo wa ziwani. Kamba ya katani yenye mafundo ishirini ilikuwa imelazwa juu ya mawe chini ya maji. Kazi yake ilikuwa kuifuata polepole, fundo hadi fundo, na kuandika kwa penseli kwenye kipande cha plastiki kila samaki aliyemwona. Furu weusi, watatu. Furu wa kijivu, wanane. Gogogo mmoja alikuwa amejibana chini ya jiwe, ndevu zikiwa nje kama za mzee anayechungulia wageni. Kwenye fundo la ishirini Otuoma alisimama, akatoa mrija mdomoni na kuisoma plastiki yake tangu juu. Mwenye mkia mwekundu hakuwamo.

Hilo lilikuwa jabali la kumi na moja alilomtafutia, na siku ilikuwa Jumatano.

Miwani ya kuzamia na ule mrija alivipata Mabatini, ndani ya robota la mitumba, mwaka ambao kiwanda cha Nyakato kilimpunguza kazini. Kwenye kioo palikuwa na karatasi yenye picha ya pweza na jina la mji fulani wa Bahari ya Kati. Watu walimcheka, naye akawaacha wacheke. Alijifunza mwenyewe, kwanza kupumua, kisha kutulia, na siku alipoweza kutulia alikaa majini mpaka vidole vikakunjamana. Ziwa alilozaliwa kando yake huko Mara, kumbe alikuwa akilijua kwa juu tu.

Bwana Luhaga, mtaalamu wa samaki, alipokuja kuwatafuta furu waliosalia baada ya sangara kuwamaliza wenzao, alimchukua Otuoma awe mhesabuji wake. Otuoma alimweleza kwamba mwaka uliopita alimwona mmoja mwenye ubavu wa manjano na mkia mwekundu kama kaa la moto.

"Sikukatalii," Bwana Luhaga alisema mwanzoni mwa wiki hiyo. "Lakini samaki aliyeonwa na mtu mmoja mara moja ni hadithi. Nipatie hesabu za siku tatu, nitaandika yupo. Jumamosi mchana naifunga orodha. Usipompata, nitaandika ametoweka."

Neno hilo lilimkera Otuoma. Aliona ni sawa na kumtangazia msiba mtu aliyekupungia mkono jana.

Jumatano hiyo alirudi nyumbani kula. Mkewe, Kija, alipokuwa akimtengea ugali aliiokota ile plastiki, akaitazama picha ya samaki aliyoichora pembeni.

"Huyu umemkosea mdomo. Mdomo wake umebinuka."

"Wa nani?"

"Wa huyu mwenye mkia wa moto. Hutudonoa vidole tukiosha vyungu."

Tonge la Otuoma lilikomea njiani. "Mama Sharon, miezi miwili namtafuta huyu."

"Hukuniuliza. Kila siku unaniambia unatafuta furu. Furu si wapo tele?"

Otuoma alitaka kukasirika, lakini kila alipotafuta kosa la mkewe aliliona lake. Alikuwa amewauliza wavuvi wote, wenye mitumbwi na wenye makokoro. Hakumuuliza mwanamke hata mmoja.

Sasa likaja jambo lingine. Jiwe la Wanawake, walikooshea vyungu, lilikuwa nyuma ya matete, na tangu alfajiri mpaka jua la utosini mwanamume hakanyagi pale. Hata mwenye mtumbwi akipita mbali hugeuza uso. Na furu wale, alisema Kija, huja asubuhi tu.

"Basi utahesabu wewe," Otuoma alisema.

Jioni ile Kija alijifunza kwa beseni. Aliinamisha uso majini, mrija juu, akapumua mara tatu, akacheka, akanywa maji. Sharon, binti yao, aliketi kando akihesabu mara ambazo mama yake amepaliwa. Zilifika tisa kabla Kija hajaweza kutulia majini kwa muda wa sala nzima ya Baba Yetu.

Alhamisi asubuhi Otuoma aliketi nyuma ya matete, mgongo ukiwa umeelekea ziwani, kofia imeshushwa mpaka puani. Upande wa pili alisikia wanawake wakiilaza kamba ya mafundo majini na kumvisha mkewe miwani.

"Kija, umekuwa chura."

"Shemeji," iliita sauti ya Mama Malimi, mkubwa wa pale jiweni, "upo?"

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Ukigeuka tu, utafua haya mablanketi yote."

"Sigeuki."

"Ninyi watu wa Mara si mmezaliwa na samaki? Leo mmeshindwa, mmekuja kuazima macho ya Wasukuma."

"Nimeoa kwenu makusudi, mama. Nilijua itafika siku."

Wakaangua kicheko. Kisha Mama Malimi akawanyamazisha. Kazi ya kitaalamu inataka utulivu, alisema. Akaamuru vyungu vyote vitolewe majini na kila mtu apande juu. Otuoma alisikia vyombo vikigongana, halafu kimya. Akangoja.

"Fundo la tano," Kija alisema alipoinuka. "Hakuna."

"Fundo la nane. Hakuna kitu. Hata wale wa kijivu wamehama."

Otuoma alifumba macho. Aliwaza kwamba labda mkewe alikosea rangi, au yeye mwenyewe mwaka ule alidanganywa na jua. Hakuwa mtu wa kutoa hukumu haraka, lakini alianza kuandaa maneno ya kumwambia Bwana Luhaga.

"Jana walikuwapo, shemeji," alisema Mama Malimi, sauti imepungua. "Walinidonoa nikikwangua ukoko."

Otuoma alifumbua macho. "Mama, ukoko wenyewe mmeuweka wapi?"

"Tumeupandisha juu na vyungu. Tumekupisheni."

"Rudisheni."

"Virudi vyote?"

"Vyote, mama. Na kelele zenu pia. Mmewanyima chai wageni, halafu mnauliza kwa nini hawakai."

Vyungu vilirudi majini kwa kishindo, miiko ikakwangua, mtu akaanza kusimulia harusi ya Bujora pale alipokuwa ameikatiza. Muda si mrefu maji yakapigwa kwa nguvu. Kija aliinuka akikohoa.

"Baba Sharon, wapo. Mmoja yuko kwenye mguu wa Mama Malimi."

"Usiwashike. Anzia mwanzo. Fundo la kwanza."

"Na mdomo umebinuka, kama nilivyokuambia."

"Andika hilo pia."

Alihesabu polepole, akitaja kila fundo, naye Otuoma akirudia nyuma ya matete kama muumini anayeitikia sala. Wawili. Mmoja. Watatu kwa pamoja, hapana, wanne. Hesabu ya siku ya kwanza ikafungwa: kumi na mmoja. Ijumaa walikuwa kumi na watatu, na wanawake wawili wengine wakadai zamu ya miwani.

Mchana huo Otuoma aliketi kibarazani, akazinakili hesabu daftarini, akaifuta plastiki kwa majivu, akachora upya mistari ya mafundo na kuandika juu yake: Jumamosi, siku ya tatu. Kando alimchora samaki tena, safari hii mdomo ukiwa umebinuka. Kija alipita na ndoo kichwani, akasimama kumtazama.

"Ongeza kidogo," alisema. "Na uchonge penseli. Kesho tunaanza mapema."