Wakata Kucha za Ukuta

Wakata kucha wa ukuta wa mashariki walianza kazi saa moja asubuhi. Kila mmoja alipewa ndoo ya maji ya moto, kitambaa, mkasi wa kukatia bati na tupa, akaonyeshwa hatua ishirini za ukuta kuwa ndizo zake wiki hiyo. Kwanza unalowesha. Ukikata ukucha mkavu unapasuka, na nyapara hapendi ncha. Kisha unakata, unasugua kwa tupa, unapitisha kiganja. Kiganja kikipita bila kukwama, unasogea mbele.

Ukuta ulizunguka mji mkuu wote wa himaya, na ulikuwa ukiota kucha tangu mwaka ulipojengwa. Hakuna aliyejali mpaka siku joho la mjumbe wa jimbo la mbali liliponasa likachanika mbele ya watu. Wiki iliyofuata zikatangazwa nafasi za kazi, kwa wanawake wenye mikono mepesi.

Mmoja wao aliitwa Kimya, kwa sababu hata salamu aliitoa kwa kichwa. Mume wake alikuwa mwashi wa ukuta huohuo. Miezi minane iliyopita hakurudi nyumbani, na siku ya tatu kikabandikwa kikaratasi mlangoni: Ametoroka kazini. Mama mkwe, ambaye hakujua kusoma, alikiacha hapohapo akidhani ni tangazo la kukatika kwa maji.

Nyumba ya mtoro ilitakiwa itoe mtu mwingine, na sasa zamu yao ilikuwa imefika. Katika nyumba hiyo alikuwa amebaki mwanamume mmoja tu, mdogo wake mume, kinyozi, mtu wa maneno mengi. Alifuga ukucha mrefu katika kidole kidogo cha mkono wa kushoto ili, kama alivyosema, wateja waone kwamba hajawahi kushika jembe. Aliambiwa afike kwenye jukwaa la ujenzi Jumamosi.

"Mimi nanyoa vichwa, wewe unakata kucha," alimwambia Kimya. "Tutafute na wa kumpaka mafuta, shemeji, ukuta huu tuupeleke harusini."

Mama mkwe hakucheka. Alizaa sita, wakabaki wawili, na mmoja sasa alikuwa mtoro.

Jumanne, kwenye hatua ya saba, usawa wa kiuno, Kimya alilowesha ukucha wa kidole gumba akaona umepasuka katikati, pande zote mbili zimeinuka kama kwato la mbuzi. Kidole hicho kiligongwa na nyundo wiki ya harusi yao. Yeye mwenyewe ndiye aliyekifunga kitambaa. Aliushika ule ukucha. Ulikuwa na joto kidogo, ingawa upande huo wa ukuta ulikuwa kivulini.

"Ni nani wako?" aliuliza mama aliyekata hatua za jirani, bila kugeuka.

"Mume."

"Basi una bahati, yuko chini. Wangu wamemweka juu kabisa, kila wiki lazima niombe ngazi. Na kucha zenyewe ngumu kama roho yake."

"Waliingiaje?"

"Ukuta ulikuwa ukipasuka. Akishaingia mtu, haupasuki tena." Akakamua kitambaa chake. "Lowesha tena hapo, mwanangu, bado pakavu."

Kimya aliukata ule ukucha ukatoka mzima. Akaufunga kwenye pindo la nguo yake, na saa ya mapumziko akaenda kwenye ofisi ya watoro.

Karani wa watoro alikuwa mtu mpole. Alikuwa akimenya chungwa. Akaweka chungwa pembeni, akafuta vidole, akamkaribisha kiti.

"Mume wangu hakutoroka," alisema Kimya. Njia nzima alikuwa akiyarudia maneno hayo. "Yumo ukutani. Ukucha wake huu hapa."

Karani aliupeleka dirishani penye mwanga. Kisha akafungua kitabu kikubwa, akasoma maelezo ya mwashi: urefu, kovu la goti, kidole gumba cha kulia.

"Kweli ni wake," alisema. "Poleni sana kwa usumbufu, dada." Akalikata neno ametoroka kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika: Yupo kazini.

"Basi shemeji yangu asiende."

"Ataenda."

"Si umefuta?"

"Nimefuta. Lakini fikiria, dada yangu. Mumeo alikuwa juu ya jukwaa. Sasa yumo ndani. Juu ya jukwaa kuna nani?"

Kimya aliutazama ule mstari kitabuni.

"Umeona? Angekuwa mtoro tungemtafuta, na tungempata, shemeji yako angerudi nyumbani. Sasa tumtafute nani?" Akauinua ule ukucha. "Huu nikuhifadhie?"

Akavuta droo. Ndani mlikuwa mmejaa kucha, kila mmoja umefungwa uzi na kipande cha karatasi chenye jina. Akauweka wa mwashi juu, akazikandamiza zote kwa kiganja ili droo ifunge, kisha akarudia chungwa lake.

Jumamosi kinyozi aliondoka na wembe mfukoni.

"Mama, usihangaike," alisema mlangoni. "Mimi mvivu. Watanirudisha wenyewe, tena kwa mbio."

Kwa wiki tatu alirudi kila jioni, mikono imepauka kwa chokaa. Kisha ufa ukaonekana karibu na mlango wa maji, na siku hiyo hakurudi. Safari hii karatasi ililetwa palepale, na haikuwa na makosa. Kimya alimsomea mama mkwe, kama alivyokwisha kumwambia kuhusu kaka yake: Yupo kazini.

"Afadhali," alisema mama mkwe.

Kimya aliomba apangiwe pia kipande cha mlango wa maji. Nyapara alikubali, maana alimjua kuwa mchapakazi. Chokaa ya hapo ilikuwa bado mbichi, na kucha zilikuwa safi, za mtu aliyejitunza. Alikata tisa. Wa kumi, ule mrefu wa kidole kidogo, aliuacha. Akauzungushia chokaa mpaka ukafanana na uvimbe wa kawaida wa ukuta, na kiganja kikawa kinapita.

Ulidumu wiki mbili. Alhamisi moja nyapara alipita akikagua, akasimama, akarudisha mkono nyuma.

"Kuna kitu hapa."

"Ni chokaa, nyapara."

"Chokaa haichomi."

Akasubiri. Kimya akalowesha. Alilowesha kwa muda mrefu, mpaka maji ya ndoo yakapoa na nyapara akaanza kugongagonga kiatu chake kwa fimbo. Kisha akakata, akasugua kwa tupa, akapitisha kiganja. Nyapara naye akapitisha chake. Hakikukwama.

"Laini kuliko vyote," alisema. "Wengine waje wajifunze kwako."

Jioni mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini, kama siku zote.

"Umewaona?"

"Nimewaona, mama. Wako safi."

"Na yule mdogo, bado anafuga ule ukucha wake?"

Kimya aliweka ndoo chini.

"Bado."

Mama mkwe akacheka kidogo, akatikisa kichwa. "Mvivu yule," alisema.