Orodha ya Watuma Taka

Barua pepe ya kwanza ilirudi saa nne asubuhi. Kufikia saa sita zote kumi na mbili zilikuwa zimerudi, kila moja na maneno yaleyale: anwani ya seva yenu imo kwenye orodha ya watuma barua taka.

"Fundi, mtambo wako unatapika leo?" mama wa mapokezi alimtania fundi wa kompyuta.

"Umevimbiwa tu, mama. Sasa hivi utaamka."

Alijaza fomu ya kuomba seva iondolewe kwenye orodha, ikaondolewa. Akazituma upya huku akipiga mluzi. Yalikuwa maombi ya wauguzi kumi na wawili kwa hospitali ya ng'ambo, iliyopokea maombi kutoka anwani ya ofisi hii ya uwakala wa ajira peke yake. Mwisho wa kupokea ulikuwa saa kumi alasiri. Mmoja wa wauguzi hao alikuwa mdogo wake wa kike, ambaye alikwisha kuacha kazi yake ya hapa.

Zikarudi tena.

Ndipo alipofungua kumbukumbu za seva. Tangu jana zilikuwa zimetoka barua elfu arobaini za dawa za uongo na bahati nasibu, na bado zilikuwa zikitoka. Mwezi uliopita, wenzake walipomchosha kwa kusahau nywila, aliiondoa kabisa ili kila mtu atume bila kuulizwa. Fundi wa watu, walimpigia makofi. Matapeli nao hawakuulizwa. Na leo alikuwa ameomba msamaha kabla ya kufunga mlango.

Akaufunga kwa kurudisha nywila, akaomba upya. Jibu la wenye orodha lilikuja papo hapo: anayerudia kosa husubiri siku saba. Akaandika kwa kirefu, akamtaja mdogo wake, akamtaja mama yao. Jibu likaja lilelile, nukta kwa nukta. Akapiga simu hospitalini. Sauti ya upole ikamwambia utaratibu ni utaratibu.

Saa kumi kasorobo mdogo wake akapiga. Nyuma yake nyumba ilikuwa imejaa: mashangazi, majirani, vicheko, vikombe vikigongana.

"Kaka! Nimewaambia wewe hushindwi na kitu. Zimefika?"

"Toa spika kwanza, mdogo wangu."

"Ya nini? Hapa hakuna mgeni. Sema wote wasikie." Akageukia watu. "Jamani, kimya kidogo, kaka anataka kusema."

Akawasikia wakinyamaza, mmoja mmoja, hadi mama yao.