Sinia Moja kwa Mgiriki

Kezia alikuwa amepima kila kitu. Jumatano alipita kwenye hoteli ya Mgiriki akakagua meza zote sita, akachagua ile ya dirishani kwa sababu ilikuwa ndefu: mtu angeweza kukaa ncha hii na mwingine ncha ile, magoti yasikaribiane. Aliiomba kwa Jumamosi saa saba mchana, akaagiza kuku na viazi, sahani tatu, kila mtu na yake. Mzee Stavro, mwenye hoteli, alitikisa kichwa kukubali na kuandika jambo kwenye karatasi.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Kezia, muuguzi wa hospitali pale Kasulu, alikuwa amepata nafasi ya kozi ya ukunga Tabora, miezi tisa. Alitakiwa awe amefika kabla ya Jumapili ya wiki iliyofuata, na bweni halikupokea watoto. Mtu pekee wa kumlea Maximilla, bintiye wa miaka miwili, alikuwa mama yake mwenyewe, Esteri, aliyekuja kutoka Mabamba, upande wa Kibondo, juu ya lori la mihogo. Lakini nyumba aliyopewa mumewe, mwalimu Stanislaus, ilikuwa na vyumba viwili na meza moja. Na kwao Burundi, kama huku Buha, mama mkwe hali chakula mbele ya mume wa bintiye, wala mkwe hatafuni mbele yake. Tangu Alhamisi Esteri alikuwa akila jikoni uani, Stanislaus akila chumbani, mlango umefungwa. Siku mbili zinavumilika. Miezi tisa, na mtoto anayekimbia huku na huku na kijiko mkononi, haiwezekani.

Hoteli si nyumba ya mtu, aliwaza Kezia. Wakiweza kula pale mara moja, wataweza popote.

"Mimi sina shida," Stanislaus alikuwa amemwambia. Alifundisha pia elimu ya watu wazima, na mara mbili kwa wiki aliwaambia wanafunzi wake kwamba mila za namna hiyo zimepitwa na wakati. "Zungumza na mama yako."

Sasa walikuwa wameketi. Esteri alikuwa amegeuka upande, Maximilla mapajani, kanga imevutwa hadi kwenye shavu.

"Kezia, muulize mwenye nyumba kama lori la Kibondo linapita Jumatatu."

Mwenye nyumba, yaani Stanislaus, alikuwa mita moja na nusu kutoka kwake.

"Mwambie mabukwe linapita saa mbili asubuhi," alisema Stanislaus, akimwita mama mkwe kwa lugha ya kwao huku akiitazama chupa ya chumvi.

"Amesikia," alisema Kezia. "Hata waliopo barabarani wamesikia." Lori la Jumatatu maana yake mama anaondoka.

Hapo akaja Stavro na sinia. Moja. Kuku wa limau na viazi, nyanya zimekatwakatwa kando, juu yake jibini nyeupe ya maziwa ya mbuzi aliyoigandisha mwenyewe. Alilitua katikati ya meza.

"Mzee, niliagiza sahani tatu."

"Sahani tatu ni ya watu wanagombana!" Stavro alikuwa ameishi Bujumbura miaka thelathini kabla ya kuhamia huku, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule. "Jamaa moja, sinia moja. Kwetu iko hivi. Mama, kula! Mwalimu, kula!"

"Lete sahani, tafadhali."

"Naleta."

Akaleta mkate. Kisha akasimama palepale, mikono kwenye aproni, akingoja kuona watu wakifurahi.

Kezia aliweza kumshika mgonjwa anayerusha mateke kwa mkono mmoja na kumchoma sindano kwa mkono wa pili, lakini sasa masikio yalimwaka. "Mzee wangu, sahani!"

Stavro aliondoka akinung'unika Kigiriki.

Ndipo Esteri alipogeuka. Aliitua kanga mabegani, akanawa kwenye beseni, akapiga ishara ya msalaba, akamega paja la kuku. Alimpa Maximilla kipande, cha pili akatia kinywani. Alitafuna bila haraka, uso wake ukielekea moja kwa moja alikokaa mkwe wake.

Kezia akashusha pumzi. Akamtazama mumewe. Stanislaus alikuwa ameshika kiazi. Alikirudisha kwenye sinia.

"Kula basi."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Tangu chai ya asubuhi hujatia kitu mdomoni."

"Tumbo."

"Si ulisema mila zimepitwa na wakati?"

"Zimepitwa," alinong'ona. "Lakini ananitazama."

"Anatazama kuku, Stanislaus!"

Esteri aliramba kidole. "Mwambie mwenye nyumba asijisumbue. Mwaka sabini na mbili tulipokimbia mauaji kule Burundi nilikuwa na waume wa dada zako wawili. Siku nne porini. Viazi vibichi tuligawana mkononi, tunatazamana hivihivi. Mimi haya ya kula niliiacha huko."

"Mbona basi unakula uani?"

"Kwa ajili yake. Siku niliyofika nilimwona akinywa chai mbele yangu, kikombe kinatetemeka mkononi."

Mwaka ule Kezia alikuwa tayari upande huu, shule ya uuguzi. Miaka minne ilikuwa imepita, na hakuwahi kumuuliza mama yake walivuka vipi wala walikula nini. Alikuwa amepima meza.

"Na lori la Jumatatu?"

"Nifuate nguo zangu na jembe. Alhamisi narudi. Ulidhani nitalea mtoto miezi tisa kwa kanga moja?"

Stavro alitokea na sahani tatu, akazibwaga mezani kwa kishindo. Kezia alichukua moja, akaijaza kuku na viazi, akamwekea mumewe mikononi na kumwonyesha mlango wa jikoni. Stanislaus alienda kama mtu aliyefunguliwa kamba. Mgiriki akamfuata, amefurahi kupata mgeni.

Muda si muda sauti ya mwalimu ilisikika kutoka jikoni, mdomo umejaa, ikimweleza mzee Stavro kwamba mila hizi zimepitwa na wakati.

Kezia alifumba macho.

"Ile stoo yenu ya mkaa," alisema Esteri, akimfuta Maximilla mdomo, "ina dirisha?"

"Dogo."

"Itamtosha mwenye nyumba na sahani yake."