Fungu la Laana

Hartog alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mkewe, Roosje, alishakata tamaa ya kuutibu. Lile fungu la Torati linalosomwa kila Sabato, kila wiki na lake, yeye alilikuta kila mahali. Bomba la jikoni likivuja wiki ya gharika, alisema ndivyo ilivyopasa. Wiki ya mana, mteja aliyekuja dukani kwake kutaka mapazia mengi kuliko madirisha aliyonayo aliondoka na mahubiri badala ya pazia. Na wiki hii, kwa kuwa fungu linaanza na kikapu cha matunda ya kwanza, alizoa zabibu zote za mezani akampelekea jirani wa ghorofa ya chini.

"Zile zilikuwa zabibu za Sabato," Roosje alisema.

"Ndiyo maana nimempa."

"Na Mungu alisema apewe huyo huyo mwenye mbwa?"

"Alisema cha kwanza kitolewe. Habari za mbwa hakugusia."

Pale kwenye sinagogi lao dogo, kusini mwa Amsterdam, watu walimcheka Hartog huku wakimsikiliza. Aliyemsikiliza kuliko wote alikuwa Barend, rafiki yake tangu utotoni, aliyefiwa na mkewe akabaki na binti mmoja tu, Selma. Selma alikuwa amelazwa. Jumatatu angepasuliwa kichwa, na madaktari hawakuficha kwamba huenda asiamke.

Alhamisi Barend alikuja dukani, kofia mkononi, macho mekundu.

"Niite mbele Sabato hii, Hartog. Nataka mtoto aombewe nikiwa nimesimama pale."

"Nafasi ya tano ni yako. Ile inayoishia kwenye baraka."

"Na ya sita?"

"Ya sita ni ya Nathan, kama siku zote. Wewe nenda kapumzike, bwana."

Hartog ndiye aliyekuwa msimamizi wa usomaji. Yeye huita watu saba, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja asimame kando ya msomaji wakati sehemu yake inasomwa. Lakini katika fungu la wiki hii nafasi ya sita ina laana, nyingi na nzito, na haitwi mtu. Msomaji, Nathan, husimama mwenyewe na kuisoma kwa sauti ya chini na kwa haraka, kama mtu anayepita penye mbwa mkali.

Siku ya Sabato hakiandikwi kitu, kwa hiyo majina yote Hartog aliyaweka kichwani. Asubuhi hiyo mlango ukafunguka akaingia kijana kutoka Antwerp, mchumba wa mtu wa pale, harusi yake wiki ijayo. Bwana harusi hanyimwi nafasi. Hartog alimpa ya tatu kwa furaha, hata akamtania kuhusu viatu vyake, na hakukumbuka kwamba wote waliokuwa nyuma yake wamesogea nafasi moja.

Wito wenyewe huanza na jina, ndipo ifuate nafasi. Hartog akaita kwa sauti yake nzuri, "Asimame Barend mwana wa Salomon," na mdomo wake, uliozoea kazi, ukamalizia wenyewe, "wa sita."

Hapo ndipo aliposikia alichosema. Nathan aliinua uso kutoka kwenye gombo. Juu kwenye roshani ya wanawake Roosje alijishika mdomo.

"Hartog," Nathan alinong'ona, "umefanya nini?"

Hartog angesema nini? Mtu akishaitwa mbele ya Torati kwa jina lake na la baba yake harudi nyuma, maana inasemekana kukataa hupunguza siku za mtu, na nani angemwambia Barend wiki hii achezee siku za mtu? Barend mwenyewe alishainuka. Alikuja taratibu, akabusu ncha ya shali yake, akasema baraka bila kukosea.

Nathan akasoma. Kazi ya Hartog ni kusimama ubavuni na kufuata neno kwa neno, asiruhusu kosa, kwa hiyo hata kuziba masikio hakuweza. Yakapita maradhi na homa. Yakapita ya mabinti wanaochukuliwa huku baba anatazama na mkono wake hauna nguvu. Yakaja ya mtu ambaye asubuhi anatamani iwe jioni, na jioni anatamani iwe asubuhi. Barend alishika meza kwa mikono yote miwili. Hartog alitamani kufa.

Kisha Hartog akamwombea Selma, Barend akiwa bado amesimama pale.

Baada ya ibada watu walikimbilia samaki na keki, wakawaacha wawili hao peke yao.

"Umenichagulia makusudi," Barend alisema. "Nakufahamu, wewe hufanyi jambo bure. Haya, niambie maana yake."

Kudanganya kungekuwa rahisi. Maana tatu zilimjia Hartog papo hapo, zote nzuri, na zote akaziacha.

"Nilikosea, ndugu yangu. Yule bwana harusi alinivuruga hesabu."

"Usiniambie hivyo."

"Ndiyo ukweli."

"Miaka yote hii unanipa maana ya mabomba na mapazia. Leo ndiyo nina shida nayo, halafu unaniambia hesabu?"

Walitembea pamoja mpaka hospitali, mwendo mrefu. Mlango wa hospitali ni wa vioo, hujifungua kwa umeme mtu akiukaribia, na kwa kuwa kuwasha umeme siku ya Sabato ni mwiko, watu kama wao husimama kando mpaka aje mwingine aufungue kwa kupita kwake, ndipo wamfuate. Wakasimama. Hakuna aliyekuja.

"Sema kitu basi," Barend alisema. "Chochote."

"Sina, Barend. Nimetafuta njia nzima."

Barend alitazama madirisha ya juu, kisha akautazama mlango.

"Kama ile laana ilikuwa kosa la hesabu tu," alisema polepole, "basi na huu ni mlango tu."

Akapiga hatua. Vioo vikaachana. Barend, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuwasha taa siku ya Sabato, aliingia ndani bila kugeuka, na Hartog aliyetaka kumwita alikosa hata neno la kumwitia.

Baadaye kidogo alikuja mama mmoja na maua. Mlango ulimfungukia, akasita kizingitini.

"Unaingia, mzee?"

Angeweza kumfuata, wala isingekuwa dhambi, ila huko juu Barend angemdai maana tena. Hartog alitikisa kichwa.

"Hapana, mama. Pita tu."