Mtoto Anakula

Garsen nzima ilijua kwamba Kenga ana ulimi mwepesi, maana mwenyewe hakuchoka kuitangaza habari hiyo. Ndiye aliyemshawishi Barwako, mama wa Kiorma, auze ng'ombe wake wa maziwa anunue televisheni, jenereta na mashine ya gemu. "Mama, nchi itajaa gemu," alimwambia. "Iko siku tutatengeneza za kwetu, zenye mamba wa Tana." Barwako alicheka, akauza, akafungua chumba cha gemu.

Walipoambiwa wakate leseni au wafunge, Barwako alimwomba Kenga amsindikize ofisini. "Kiswahili yangu ni ya sokoni. Wewe nasemea mimi."

Ofisa wa leseni alitafuta jina la biashara ile kwenye orodha yake, asilione. "Si sinema, hamna filamu. Si duka, hamuuzi kitu. Na huu ni mwaka wa uchaguzi, wakubwa hawataki vijana wajazane vyumbani. Sasa hii niiite nini?"

Kenga alifungua mdomo. Ofisa akamkazia macho. "Kijana, si wewe uliyeomba kazi ya ukarani hapa kwetu? Unahusika vipi na chumba hiki?"

Ulimi mwepesi ukawa mzito ghafla. "Nimemsindikiza tu, mzee."

Barwako alimtazama, akangoja, kisha akasema mwenyewe. "Mtoto nalipa, nacheza. Kama nakula, naongezewa. Kama hapana kula, nakufa, nalipa tena."

"Anakula?"

"Nakula sana! Ingine nakula mpaka jioni."

Ofisa akaweka kalamu chini. "Basi mama, hiyo ni kamari. Mashine itachukuliwa leo."

Kenga alielewa palepale. Mama alikuwa akimsema yule kajamaa wa kwenye kioo cha televisheni anayekula matunda ili aongezewe maisha. Ofisa alisikia kula kwa wacheza karata, kula pesa za mwenzio. Ingetosha kusema, "Mzee, ni matunda," na mambo yangeisha kwa kicheko. Aibu ilimchoma mpaka masikioni, lakini hofu ya kuukosa ukarani ilimchoma zaidi. Akatazama viatu vyake.

Alasiri askari walibeba kila kitu, hata jenereta. Barwako hakulia. Alimuuliza Kenga polepole, "Kweli ile ni kamari? Mimi nalisha watoto yangu haramu?"

Angeweza kumwambia ukweli hata wakati ule. Lakini mama angeuliza kwa nini hakuusema mbele ya ofisa.

"Sijui, mama," akasema.

Barwako aliitikia kwa kichwa, akamshukuru kwa kumsindikiza. Wakirudi nyumbani, walipokaribia msikiti, wanaume wakitoka kuswali, alivuta mtandio akajifunika uso wote, akapita upesi kama mwizi. Kenga alimfuata nyuma, uso wazi, na watu wakamsalimia kwa heshima.