Dakika Moja ya Magodoro

Jumamosi saa tisa alasiri, mama mmoja, mpiga pasi wa duka la dobi, alirudi nyumbani, akavua viatu vilivyombana tangu asubuhi, akaegemeza simu kwenye birika na kubonyeza podikasti ya mauaji ambayo wenzake kazini walikuwa hawaishi kuisikiliza. Wiki nzima walimficha kwamba sehemu mpya ilimhusu bintiye, aliyeuawa miaka minne nyuma akitoka kazini. Siri za kazini zina miguu, na hiyo ilimfikia Jumamosi hiyo kabla ya chai ya saa nne.

Msimulizi hajamaliza kusalimu wasikilizaji wake, binti akaingia kwa mlango wa jikoni, akavuta kiti, akaketi.

Alivaa gauni la njano. Maisha yake yote hakupata kuwa na gauni la njano, lakini msimulizi alisema njano, basi ikawa njano. Hata kidoti chake kilikuwa kimehamia shavu la pili. Mama aliyaona yote hayo, akamsogezea kikombe. Baada ya miaka minne ya kula peke yake, hakuwa na nguvu za kugombana na gauni.

Kilichomshinda ni dakika ya kumi na mbili. Hapo msimulizi, kwa sauti ya huruma tele, alieleza jinsi mama mtu alivyomfukuza bintiye nyumbani siku ile, mpaka akawa barabarani peke yake. Binti akageuka kutazama ukuta.

"Ulinifukuza, mama."

"Mimi? Ulitoka asubuhi mwanangu, umeshakunywa chai, ukaazima sweta langu."

Binti aliendelea kutazama ukuta. Alijua yale tu yaliyosimuliwa.

Dakika ya ishirini likaja tangazo la magodoro. Mtu wa magodoro hakuwa na habari na mauaji ya mtu. Alisifia sponji yake tu. Kwa dakika hiyo moja hapakuwa na wa kumsimulia binti, naye akawa yeye. Sweta la buluu la mama likamrudi mwilini, kidoti kikarudi shavuni pake, akauliza mbona miguu ya mama imevimba, na kama yule bosi mwenye kisirani bado anafungia henga za nguo kabatini. Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha msimulizi akasema tumerudi, na gauni la njano nalo likarudi.

Mama alijaribu kila ujanja. Akisimamisha podikasti, binti anaondoka. Akiliweka tangazo pekee, haji mtu. Basi kila alipotoka kazini alisikiliza yote, dakika arobaini na nane za uongo kwa ajili ya dakika moja ya magodoro, na siku nyingine sauti ya binti ndiyo sauti pekee iliyomwita mama.

Miezi mitatu ikapita hivyo, hatimaye akawaandikia watayarishaji. Aliandika kwa kidole kimoja, siku mbili, kwamba hakumfukuza mtoto wake. Watayarishaji walikuwa watu wastaarabu. Walimpa pole, wakawauliza wasikilizaji kama sehemu ile ilisema kweli na kama iliwaheshimu wafiwa. Maoni yakamiminika. Mmoja alisema makosa madogo madogo hayaharibu kitu. Mwingine alisema bila ule ugomvi wa mama na mwana, hadithi ingepooza. Wengine walitukanana tu, kama wafanyavyo. Ila wote kwa kauli moja walisema ni aibu kubwa kuuza magodoro katikati ya msiba wa mtu.

Watayarishaji wakamjibu mama siku ya tatu. Walisema wamesikia kilio chake, na tangazo wameshaliondoa.

Alasiri hiyo aliandaa vikombe viwili, akabonyeza. Binti akaingia na gauni lake la njano. Dakika ya kumi na mbili akageukia ukuta. Ya ishirini ikafika, ikapita, na msimulizi hata pumzi hakuvuta. Chai ilipoa. Mama alitazama kisogo cha mwanawe. Miezi mitatu alikuwa amekana, na leo hakuwa na dakika ya kuikimbilia.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nilikufukuza."

Binti akageuka. Akamtazama mama yake vizuri, akasogeza kiti, akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka msimulizi alipowaaga wasikilizaji.