Mkanda wa Cherehani

"Nirudishie mkanda wangu!"

"Sirudishi."

"Redio, leo mimi na wewe tutavunjiana heshima!"

"Ivunje tu, mwenzangu. Mkanda sitoi."

Majirani walikwisha kutoka vibarazani. Ugomvi wa bure nani aukose? Fundi alisimama mlangoni pake, futi ya kupimia shingoni. Mbele yake alisimama msusi wa nyumba ya pili, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa kuwa habari haikulala kwake. Alikuwa ameingia eti kuazima sindano, akachomoa mkanda wa cherehani, na sasa ameufunga kiunoni kama bingwa wa ngumi.

"Nitashonaje, wewe mwanamke? Harusi ya mwanangu ni Jumamosi!"

"Shona kwa mkono. Au kaa kitako upumue. Waambie hawa ulichoshona jana."

Redio akapaza sauti: "Gauni lenye mikono miwili ya kushoto! Akafumua, akashona tena, kushoto kwa kushoto! Bibi harusi akimsalimia mkwe wake, atampa mkono upi?"

Mtaa ukaangua kicheko. Fundi akabamiza mlango.

Ndani kulikuwa na kimya, na kimya ndicho alichokuwa akikikimbia tangu amzike mumewe. Alishona sare za shule, mapazia, foronya, chochote kilichoshoneka mbiombio, cherehani ikinguruma kutwa. Ikinyamaza tu, macho yangekwenda kwenye benchi. Hapo ndipo mume alipokuwa akikaa gauni likishonwa, amepakata pindo lisiguse sakafu, huku akimsimulia uongo wake wa kuchekesha. Enzi hizo magauni ya Fundi yalisimamisha watu njiani. Sasa kichwa kilikuwa debe tupu, na bintiye, kwa upole uliouma kuliko tusi, alikuwa amemwambia: "Mama, usijisumbue. Naweza kuazima gauni la rafiki yangu."

Kuazima! Mtoto wa fundi!

Akavaa kastabini kidoleni, akatunga uzi, akaanza kupiga bandi, mshono wa mkono. Kwa zile hasira uzi ukajifunga fundo. Akakata, akaanza upya. Ukafunga tena. Bandi haina ubabe, inakwenda kwa mwendo wake. Akapunguza kasi mpaka akawa anaisikia sindano ikipenya kitambaa. Upande wa kitambaa uliobaki akautupia juu ya benchi usichafuke, na hapo akalitazama benchi lenyewe.

Akalia. Kilio hicho hakukilia msibani, maana msibani alikuwa akizungusha vikombe vya chai kwa wageni. Hakutafuta cha kufanya. Alikaa tu, akamsikia muuza mboga akibishana na mteja nje, akakumbuka ule uongo wa marehemu wa jogoo aliyegoma kuwika mpaka aombwe radhi, akacheka peke yake, machozi na kamasi pamoja.

Macho yalipokauka, akakiona kitambaa. Kilikuwa kimeporomoka kutoka kwenye egemeo la benchi kwa marinda ambayo hakuyapanga yeye, membamba juu, yakifunguka kuelekea chini kama maji yanayoshuka ngazi. Hakukigusa. Alikikodolea macho mpaka akajua kila rinda lilikotoka na lilikokwenda. Ndipo akanyoosha mkono kuchukua pini.

Mikono ya gauni akaiacha kabisa. Marinda akayashusha kutoka mabegani, akayashona moja moja kwa sindano, bila pupa. Kesho yake Redio alipoleta mkanda, ameufumbata kwa aibu kidogo, Fundi hakuinua uso.

"Weka hapo. Bado sijauhitaji."

Ijumaa mchana binti akavaa, akatoka barazani. Muuza mboga aliyekuwa akipita akatua kapu lake chini.

"Hili mmeagiza wapi?"

"Tuagize? Kwani sisi hatuna fundi?" Fundi alijibu, kidevu juu. Aliyatazama marinda yakimfuata bintiye kila alipogeuka, akajua kwamba hata angeulizwa na mkuu wa mafundi wote duniani, angejibu vilevile. Binti alimkumbatia mama yake mpaka ikabidi aonywe asiyakunje marinda ya mabegani.

Redio alilizunguka gauni akitafuta kasoro, kama kawaida yake. Akazunguka tena.

"Leo sina la kutangaza," akasema. "Waje waone wenyewe."

"Basi usisimame hapo mlangoni kama mgeni," Fundi akamwambia, akimvuta mkono. "Ingia, jirani. Chakula kimeiva, njoo tule."